Makanisa Manne ya Binti Yangu

Gauni la komunyo la binti yangu lilishonwa, likapigwa pasi ya mkaa, likatundikwa kwenye msumari chumbani kwetu, na halikuvaliwa. Lilikuwa jeupe, mikono mifupi iliyovimba begani, na mama yake alikwenda sokoni mara tatu kutafuta lesi ya kuzungushia shingoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Binti alikuwa na miaka tisa, na zilikuwa zimebaki wiki tatu apokee, nilipomzuia.

Watu wakiniuliza kwa nini nilifanya vile, huwa nawapa jibu, na kesho yake nawapa jingine. Sikusudii kudanganya. Kila nikirudi kuitafuta sababu mahali nilipoiacha, siikuti. Najua tu jinsi mambo yalivyofuatana, na hayo nitayasema kama yalivyokuwa.

Tulikaa Ilembo, mjini Mpanda, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, na shamba letu la mahindi lilikuwa Mwamkulu. Mimi nilikuwa karani wa ghala la tumbaku. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na mizani, kuandika uzito wa kila robota, na kuvumilia matusi ya wakulima walioamini kwamba mizani na mimi tumepanga jambo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa majirani zangu hilo lilikuwa kubwa. Waliniletea barua niwasomee. Na kwenye jumuiya yetu, ile ya nyumba kama kumi na tano za Wakatoliki tuliokutana kila wiki kusali nyumba kwa nyumba, mimi ndiye nilikuwa katibu. Niliandika mihutasari kwa mwandiko wa kulala ambao bado najivunia, ingawa sasa mkono unatetemeka.

Mwenyekiti alipofariki, nilijua nitachaguliwa. Hata shati nililofua siku hiyo nalikumbuka. Wakamchagua mzee mmoja mfuga nyuki, aliyesoma Injili kwa kufuatisha maneno kwa kidole, taratibu, mpaka watoto wakawa wanamalizia sentensi kabla yake. Watu walimpenda. Nilipiga makofi kama wengine. Nikaandika jina lake kwenye muhtasari, nikafunga daftari.

Jumapili iliyofuata niliambia nyumbani kwamba nina kazi ghalani. Nilikwenda kwenye mkutano wa walokole, chini ya turubai, karibu na stesheni ya reli. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka Tabora, sauti imemkauka kwa siku nyingi za kuhubiri. Akasema kuna mtu hapa amebeba mzigo ambao hakuna anayeujua. Nikalia. Nililia kweli, mbele za watu, mimi niliyekuwa mkali wa kuwacheka wanaume wanaolia. Sijui mpaka leo kama yale yalikuwa machozi ya toba au ya uenyekiti. Labda yalikuwa yamechanganyika, na Mungu alikuwa na kazi ya kuyatenganisha. Nilirudi nyumbani nimeokoka.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage uani. Nikamwambia. Akaendelea kuchambua.

"Sawa," akasema. "Umeokoka. Na mtoto?"

"Mtoto naye anahama. Hatuwezi kuwa nyumba moja, njia mbili."

"Baba, zimebaki wiki tatu. Mwache mtoto ale kwanza, ndiyo na yeye aokoke."

"Wokovu hausubiri."

"Umeusubirisha wewe miaka thelathini na nane, wiki tatu ndiyo zitaushinda?"

Alikuwa Mfipa kutoka upande wa Sumbawanga, amelelewa na masista, na maneno yake yalikuwa machache na makali. Nikapaza sauti. Binti akatoka ndani. Alikuwa amesomea komunyo miaka miwili, kila Jumamosi akienda kwa miguu mpaka misheni, na wiki iliyopita padri alikuwa amewahoji mmoja mmoja. Jioni alikuwa akijizoeza na mdogo wake: anafumba macho, anatoa ulimi, mdogo wake anamwekea kipande cha chapati kilichokatwa kwa kifuniko cha chupa, naye anajitahidi asitafune.

"Baba," akasema, "nimefaulu maswali yote."

Nilimwambia maswali ya wanadamu si kitu. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba mto unapanda mlima. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: kama huko tunakokwenda nako watu wanakula.

"Wanakula," nikasema. "Wanaita Meza ya Bwana."

"Na mimi nitakula?"

"Utakula, mama."

Ahadi hiyo ndiyo niliyompa, na ndiyo iliyonishinda kwa miaka tisa.

*

Mke wangu hakuhama. "Mimi nimeolewa na wewe," alisema, "sikuolewa na makanisa yako." Alisema "makanisa" wakati nilikuwa nimehama mara moja tu, nami nikamwona mkorofi. Sikujua kwamba alikuwa ananifahamu.

Kwa hiyo binti alikwenda na mimi. Kule kwa walokole alijifunza kupiga makofi, kuomba kwa sauti, na kuitikia "Amen" mtu akisema "Bwana asifiwe". Ilembo ya wakati ule ilikuwa hivyo: mtu alijua wewe ni wa wapi kwa salamu. Mkatekista akikupita na baiskeli anasema "Tumsifu Yesu Kristo", nawe unajibu "Milele na milele, amina". Binti yangu alichanganyikiwa. Akamjibu mkatekista "Amen", akamjibu mchungaji "Milele na milele", watoto wenzake wakamcheka mpaka akaanza kuzunguka nyuma ya nyumba za watu ili asisalimiwe njiani.

Meza ya Bwana kule ilikuwa ya waliobatizwa kwa maji mengi. Ubatizo wa utotoni haukuhesabika. Akangoja. Alipotimiza miaka kumi na moja mchungaji akamkubali, tukaenda Mwamkulu, mahali ambapo kijito kilikuwa kimezibwa kwa ajili ya mpunga. Masika yalikuwa yameisha lakini maji bado yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Walikuwa watu saba wa kubatizwa, yeye mdogo kuliko wote. Kabla hajaingia akaniita pembeni.

"Baba, yale maji ya kwanza yalikwenda wapi?"

"Maji gani?"

"Niliyobatiziwa nikiwa mtoto. Mama anasema nililia sana. Yamefutika?"

Nikamwambia yale yalikuwa maji tu.

"Na haya?"

Mchungaji alikuwa tayari amesimama kwenye maji mpaka kiunoni, amenyoosha mkono. Nikamsukuma mtoto taratibu mgongoni. Alizamishwa, akatoka anakohoa, watu wakaimba. Wasukuma wawili waliokuwa wananywesha ng'ombe ng'ambo walisimama kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo mtoto amekosa nini?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Meza ya Bwana ilikuwa ifanyike mwisho wa mwezi unaofuata. Haikutufikia. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu mwema na mpole, aliniita baada ya ibada akasema amesikia moyoni kwamba nina uchungu na mtu. Alitaka niende nikapatane na yule mzee wa nyuki. Jina lake hakulijua. Alisema tu, "mtu uliyepiga makofi kwa ajili yake". Sijui aliambiwa na nani. Labda niliropoka mwenyewe nikiomba, maana kule tuliomba kwa sauti na mtu hujisahau. Nilimwambia nitakwenda. Jumapili iliyofuata sikurudi kanisani, na binti sikumruhusu kwenda peke yake.

"Tunasali wapi sasa?" akauliza.

"Tutaona."

"Lakini wiki mbili zijazo nilikuwa nakula."

Nilimwambia anyamaze.

*

Kwa Wasabato tulikaa kama mwaka na nusu. Sitasema mengi, maana walitupokea vizuri na kosa halikuwa lao. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani ndiye aliyenishawishi kwa hoja na mistari, na mimi nilikuwa mtu wa kupenda hoja. Nyumbani nilipiga marufuku kambale kwa sababu hana magamba. Mke wangu, ambaye kwao kambale wa kubanikwa ni chakula cha heshima, akaanza kununua dagaa wa Ikola, wa ziwani, kila siku, asubuhi dagaa, jioni dagaa, mpaka siku moja nilipouliza kama hakuna mboga nyingine.

"Ipo," akasema. "Ila umeiachisha kanisa."

Binti akaambiwa asome masomo ya ubatizo kuanzia somo la kwanza. Nakumbuka alivyosema "Tena?" Akasoma. Alikuwa mwepesi wa kusoma, kuliko mimi. Kila Jumamosi alikuwa nami, daftari mkononi, na kila Jumapili asubuhi nilimwona amekaa kwenye kizingiti akimwangalia mama yake anavyofunga kitenge kwenda misa. Alibatizwa kwa mara ya tatu, katika kisima cha saruji nyuma ya kanisa. Safari hii hakuniuliza kuhusu maji.

Kisha nikaambiwa, kwa upole, kwamba mtu anayepima tumbaku hawezi kuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa sijaomba kuwa mzee wa kanisa. Lakini nilikuwa nimekwisha jiona nimekaa kwenye kiti kile. Nikasema kama kazi inayowalisha watoto wangu ni dhambi, basi sadaka yangu nayo ni dhambi, warudishe. Nilisema hivyo mbele ya watu, binti amesimama karibu yangu, ameshika daftari lake. Wiki iliyofuata walikuwa na ibada ya kutawadhana miguu na kula mkate. Hatukuwepo.

*

Sasa nifike kwa fundi.

Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, ametoka Dar es Salaam, ameletwa Mpanda kutunza mashine za umeme wa mji, zile za dizeli. Alipanga chumba na sebule jirani na ghala letu. Jambo la kwanza nililosikia kumhusu ni kwamba hanywi chai. Mama lishe aliyetuuzia chai na maandazi alikuja kwangu kulalamika kama vile mimi ni diwani.

"Mzee, huyu mtu wa umeme anakunywa maji ya moto na sukari. Matupu! Nimemuuliza kama anaumwa, anasema dini yake. Kuna dini ya kukataa chai?"

Nilimtafuta mwenyewe. Alikuwa Mmormoni. Sikuwahi kusikia neno hilo. Alikuwa amebatizwa Dar miaka michache kabla, na hapa Mpanda hakuwa na mwenzake hata mmoja, labda mpaka Tabora, labda mpaka Dar kwenyewe. Kila Jumapili alivaa shati jeupe na tai, akakaa sebuleni kwake, akaimba peke yake, akasoma, na kwa ruhusa ya viongozi wake akabariki mkate na maji, akala na kunywa peke yake. Aliniambia kwamba kwao hakuna padri wa mshahara. Mwanaume anayestahili hupewa ukuhani, awe fundi, awe mkulima.

Hapo ndipo masikio yangu yalisimama. Awe karani, nikajiongezea moyoni.

Alinipa kitabu kinene, nikakisoma kwa wiki mbili. Sikukielewa sana na sikumwambia. Jambo lililonishika ni lile la kubatizwa kwa niaba ya waliokufa. Nilimweleza mke wangu, nikimfikiria babu yangu aliyekufa bila dini.

"Nyie hata marehemu hamuwaachi wapumzike?" akasema. "Huyo babu yako umhamishe kanisa na yeye?"

Binti alikuwa na miaka kumi na nne. Nilimwambia tunakwenda kwa fundi Jumapili. Hakukataa, na hilo ndilo linaloniumiza, kwamba hakukataa. Aliuliza tu swali lake la siku zote, nami nikamuuliza fundi. Fundi akatabasamu. "Mtoto hakatazwi. Mkate ni wa wote waliomo chumbani."

Kwa hiyo safari hii hapakuwa na somo la kwanza wala maji mengi. Nilimwambia binti: Jumapili hii unakula. Aliosha nguo yake Ijumaa.

Sebule ilikuwa na viti vitatu, meza yenye kitambaa cheupe, sahani ya vipande vya mkate wa dukani na vikombe vidogo vya plastiki vyenye maji. Ovaroli la fundi lilikuwa linakauka dirishani. Tuliimba wimbo ambao hatukuujua, yeye akituongoza. Akaumega mkate, akapiga magoti, akafungua kitabu mahali penye sala, akafumba macho kidogo kama mtu anayejikusanya. Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Fundi! Fundi uko ndani? Mashine imezima! Hospitali hawana umeme, daktari yuko na mgonjwa mezani!"

Akainuka, akatutazama, akautazama mkate. "Nisubirini," akasema, akaondoka na tai yake shingoni.

Tulisubiri. Jua lilihama kutoka kwenye mguu wa kiti mpaka ukutani. Nzi alikuja kwenye sahani, binti akampunga. Alikuwa ameuangalia ule mkate muda mrefu sana. Nami nilikuwa namwangalia yeye, na nilifikiri, kwa uaminifu wote niliokuwa nao, kwamba mtoto huyu amengoja miaka mitano, chakula kiko mbele yake, na kinachokosekana ni mtu wa kusoma maneno yaliyokwisha kuchapishwa. Mimi nasoma vizuri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikapiga magoti kwenye mkeka wa fundi, nikachukua kitabu, nikaisoma ile sala kwa sauti yangu nzuri ya ukatibu, tangu mwanzo hadi amina. Nikamnyooshea sahani.

"Kula, mama."

Hakunyoosha mkono.

"Baba, wewe unao huo ukuhani?"

"Maneno ni yale yale."

"Nikila hapa, nitakuwa nimekula?"

Nilipaswa kusema sijui. Hilo lingekuwa jibu la kweli, na nadhani angenipenda kwalo. Nikasema, "Utakuwa umekula, kwa nini ubishi?"

Akasimama. Akatoka nje, akakaa juu ya pipa tupu la dizeli lililokuwa uani, ameipa nyumba mgongo. Fundi aliporudi, mikono imejaa grisi na shati limeharibika, alimkuta pale, akaingia, akaniona na sahani. Sikuwa na uwezo wa kuficha, kitabu kilikuwa wazi juu ya paja langu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti, akaangalia mikono yake.

"Mzee wangu," akasema, "hilo huwa halichezewi."

"Sikuwa nachezea."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa niseme nini."

Hatukurudi tena. Baada ya miezi michache alihamishiwa kwingine, akaja kuniaga, akaniachia kitabu. Nilimwona ni mtu mwenye imani kuliko mimi, na nikafurahi kwamba anaondoka.

*

Baada ya hapo sikusali popote. Sikutangaza, niliacha tu, kama mtu anavyoacha kulima shamba la mbali. Binti alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akajifunza cherehani kwa mama mmoja sokoni. Njiani hakuitika tena "Amen" wala "Milele na milele". Yeyote aliyemsalimia alimpa "Shikamoo", wakubwa kwa wadogo, na watu wakasema binti yule ana adabu.

Alikuwa na miaka kumi na nane alipokwenda mwenyewe misheni. Hakuniomba ruhusa. Nililijua Jumapili moja jioni, mkatekista alipoegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wetu na kusema, "Tumsifu Yesu Kristo," akanitazama kuona nitajibu nini. Nikasema karibu.

Alikaa, akapewa maji, akaeleza. Binti anataka kurudi kundini na kupokea. Ubatizo wake wa kwanza umo kwenye kitabu cha misheni, haujaenda popote. Shida ni ile mingine miwili. Kwao, mtu mzima aliyekubali kubatizwa tena amekana ule wa kwanza, na kwa utaratibu wa parokia yetu wa siku zile, wanaorudi hupiga magoti mlangoni Jumapili nne, misa nzima, watu wote wakiwaona, ndipo wapokelewe.

"Lakini huyu alikuwa mtoto," akasema mkatekista. "Paroko anasema baba yake akija tu, akasema mbele yake kwamba ni yeye aliyemwagiza, basi. Mambo yanaisha ofisini. Jumamosi hii saa tatu."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Binti alikuwa kwenye cherehani yake ndani, na cherehani ilikuwa imenyamaza.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na si kwa watu wengi, kwa mtu mmoja ofisini: ni mimi. Sielewi kwa nini ilikuwa nzito vile. Nilimwona paroko ananiuliza kwa nini, na baada ya kwa nini, nikaona muhtasari, na jina nililoliandika kwa mwandiko wa kulala.

"Jumamosi siwezi," nikasema. "Ni Sabato."

Mkatekista akacheka kwanza, alifikiri natania. "Sabato ipi, mzee? Jana nimekupita Mwamkulu una jembe begani, ukanipungia na mkono."

"Jana nilikosea."

"Basi njoo siku nyingine. Jumatano?"

"Jumatano kuna kazi."

"Alhamisi?"

Mke wangu akasema neno moja la Kifipa ambalo sitaliandika. Kisha binti akatoka, uzi bado umeshikwa kwenye midomo. Akautoa.

"Mwache baba," akamwambia mkatekista. "Nitapiga magoti."

"Si lazima, binti yangu. Kosa si lako."

"Najua si langu. Nitapiga tu."

*

Jumapili ya kwanza na ya pili nilikwenda shamba. Ya tatu nilichukua baiskeli, nikajiambia naenda kumwona mtu wa mbolea, ambaye nyumba yake ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya misheni.

Walikuwa wanne mlangoni, wameelekea ndani: mabibi wawili, mwanaume mmoja aliyekuwa amerudi baada ya kuacha mke wa pili, na binti yangu. Niliwaona kwa nyuma. Yeye alikuwa amevua viatu, amevipanga pembeni, na nyayo zake zilikuwa zimeelekea kwangu, zenye vumbi jeupe kwenye visigino. Sakafu ile ni ya saruji. Kila baada ya muda alihamisha uzito, goti hili, kisha lile. Mabibi walikuwa wamepewa kipande cha mkeka. Yeye hakuwa nacho.

Kutoka nilipokuwa mpaka pale ni hatua kama arobaini. Ningeweza kuvuka. Hata kama nisingesema kitu, ningeweza kupiga magoti pembeni yake, watu wangeelewa. Wakatoliki wa Ilembo si wajinga. Nilishika usukani wa baiskeli. Mtu mmoja aliyechelewa misa akanipita, akanisalimia, akauliza kama naingia. Nikasema napita tu, naelekea shamba. Nikapanda baiskeli, nikaelekea shamba kweli, ili nisiwe nimedanganya. Huko nilikaa juu ya tuta mpaka jua likawa kali, sikulima hata mstari mmoja.

Jumapili ya tano alipokea. Mama yake alikwenda, wadogo zake walikwenda. Jumuiya walikuja nyumbani na sabuni, sukari, na khanga, wakaimba uani, wakala wali na kuku. Nilisalimiana nao wote, nikawaletea viti. Hakuna aliyenisema. Kama wangenisema ingekuwa afadhali, ningekasirika nikapata la kufanya.

Walipoondoka, nilimkuta binti nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa mchanga. Alikuwa amebadili nguo. Magoti yake yalionekana chini ya kitenge, ngozi imechubuka na kuanza kuwa ngumu. Nilichuchumaa karibu. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, maneno ninayo yote, kama kumi hivi.

"Ikoje?" nikauliza badala yake.

"Nini?"

"Hiyo. Uliyokula."

Akafikiri, mkono bado umo kwenye sufuria.

"Ni nyembamba," akasema. "Ilinigandia hapa juu." Akanionyesha kwa kidole, mdomo wazi, kama mtoto. "Niliogopa kuigusa na ulimi. Halafu sikujua imekwenda saa ngapi. Nilikuwa bado naisubiri, kumbe imeshapita."

"Basi?"

"Basi, baba." Akacheka kidogo, na sikuelewa kama anacheka kwa furaha, au ananicheka, au anajicheka mwenyewe. Sikuelewa wakati ule na sijaelewa leo, ingawa nimekuwa mzee na yeye ana watoto wakubwa. Kisha akauliza, "Wewe umekula? Nimekuachia paja la kuku, liko kwenye bakuli lililofunikwa."

Nilisema asante. Nikaingia ndani, nikalikuta bakuli, nikakaa mezani peke yangu nikala, huku nikisikia mchanga unavyosugua bati huko nje.